Kwa Nini Tulikuwa Wachache kwa Muda Mrefu Hivyo?

Sensa ya 2022 ilipotangaza kuwa Tanzania ina watu 61,741,120, mazungumzo ya mtaani yaligeuka haraka kuwa lawama. Tunazaliana mno, madarasa hayatoshi, mashamba yamegawanywa mpaka yamebaki vipande. Malalamiko hayo nayasikia na mengine nayakubali, maana sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 tu, na kuongezeka mara tano ndani ya miaka 55 si jambo dogo kwa nchi yoyote. Lakini swali linalonikosesha usingizi ni la upande wa pili. Ardhi hii imekaliwa na binadamu na mababu wa binadamu kwa muda mrefu kuliko karibu mahali pengine popote duniani; Olduvai iko hapa hapa kwetu. Iweje basi mpaka juzi tu, mwaka 1921, Tanganyika nzima ikadiriwe kuwa na watu milioni 4 na kidogo?

Jibu linalotoka haraka ni kwamba zamani watoto walikufa sana na chakula kilikuwa haba. Hilo ni kweli, ila ukikaa chini ukapiga hesabu unaona kuwa halitoshi.

Watazame Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Ni watu elfu moja na ushee, na baadhi yao mpaka leo wanaishi kwa mizizi, asali, ubuyu na nyama ya porini. Watafiti wamekaa nao kwa miongo mingi wakiandika nani kazaliwa na nani kafa. Mwanamke wa Kihadzabe huzaa wastani wa watoto sita hivi. Mmoja kati ya watano hafikishi mwaka, na karibu nusu hawafikishi miaka 15. Ni vifo vya kutisha. Lakini katika sita, ukitoa hao, bado wanabaki watatu na kitu, na watatu ni zaidi ya wawili waliowazaa. Kwa kasi hiyo jamii inaongezeka kwa zaidi ya asilimia moja kila mwaka. Asilimia moja inaonekana kama si kitu. Basi chukua watu elfu moja, waongeze kwa asilimia moja kwa mwaka, uwaache miaka elfu moja: utakuta watu milioni 21.

Maana yake ni kwamba hata maisha ya porini, bila zahanati wala ghala, yanatosha kuijaza nchi kwa muda mfupi mno ukilinganisha na umri wa binadamu. Na nchi haikujaa. Dunia yenyewe ilifikisha watu bilioni moja karibu na mwaka 1800, baada ya miaka laki mbili au zaidi ya kuzaa na kuzika. Kuna kitu kilikuwa kinarudisha hesabu nyuma, tena kwa nguvu, na vifo vya kawaida vya kila mwaka havikielezi.

Mwaka 1798 mchungaji wa Kiingereza, Thomas Malthus, alitoa jibu ambalo watu wengi wanalishika mpaka leo. Watu huongezeka haraka kuliko chakula, alisema, hivyo njaa, maradhi na vita huwarudisha kwenye kiwango ambacho ardhi inaweza kukilisha. Kwake yeye kuna dari, na watu wakirefuka wanagonga vichwa.

Siwezi kusema dari hilo halipo. Nenda Ukara, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria kaskazini mwa Ukerewe. Katikati ya karne iliyopita kilikuwa na watu zaidi ya 200 katika kila kilomita ya mraba, wakati sehemu kubwa ya Tanganyika ilikuwa na watu wa kuhesabu kwa vidole. Udongo wao ni mchanga wa mawe, hauna rutuba ya kujivunia. Wakara waliufanya ulishe. Ng'ombe walifungwa ndani, kwenye shimo sakafuni mwa nyumba, wakaletewa majani badala ya kwenda kuyatafuta. Samadi ikabebwa kichwani hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, na uwele ukishavunwa marejea yaliachwa yakue, kisha yakafukiwa ardhini yawe mbolea. Kila mti ulikuwa na mwenyewe. Wataalamu wa kilimo wa Kiingereza waliofika huko miaka ya 1930 walishangaa, maana walizoea kuandika kwamba Mwafrika hajui kutunza ardhi.

Kinachonivutia zaidi ni yale yaliyotokea kwa Wakara waliohama. Kisiwa hakikuweza kuwabeba wote, na kizazi baada ya kizazi vijana walivuka kwenda Ukerewe na bara. Walipofika kwenye ardhi ya kutosha waliacha kufukia marejea, wakaacha kufunga ng'ombe ndani, wakalima kwa jembe la kawaida kama majirani zao. Ujuzi walikuwa nao, hawakuuhitaji. Mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alilisema hili mwaka 1965 kwa nchi nyingi: watu wakibanana wanafanya kazi zaidi na ardhi inatoa zaidi. Dari linasukumika.

Sasa, Ukara ni kisiwa. Bara, kwa karne nyingi, watu hawakuwa hata karibu na dari. Watemi hawakugombana kwa sababu ya uhaba wa udongo, waligombania watu. Aliyekuwa na watu wengi ndiye aliyekuwa tajiri, na mgeni aliyeomba mahali pa kulima alipewa. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa tulikuwa wachache kwa sababu ardhi ilishindwa kutulisha, simwelewi. Tulikuwa wachache kwa sababu ya mapigo. Miaka ya kawaida watu waliongezeka vizuri, halafu likaja pigo moja au mapigo matatu kwa pamoja, yakafuta kazi ya vizazi. Sijabuni wazo hili. Baadhi ya watafiti waliofanya hesabu za jamii kama Wahadzabe wamefikia hapo hapo. Sisi tuna bahati mbaya ya kuwa na mfano wake ulioandikwa, wa karibu kabisa: miaka 30 kati ya 1890 na 1920.

Ulianza na sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe ulitua Massawa, Eritrea, mwaka 1887, pamoja na mifugo iliyoletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Kufikia 1891 ulikuwa umeshafika Umasai. Ulipopita, ng'ombe tisa katika kumi walikufa, na nyati pamoja nao. Kwa mfugaji ng'ombe ni chakula, mahari, akiba na jina. Wamasai wanakiita kipindi hicho Emutai. Msafiri wa Austria, Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika kuhusu wanawake waliobaki mifupa na morani waliokuwa hawawezi hata kusimama, wanatambaa. Ndui ikawakuta katika hali hiyo. Naye funza, ambaye leo tunamwona kero ya watoto wa vijijini, alikuwa mgeni: alivuka bahari kutoka Brazil akaingia Angola mwaka 1872, akalikata bara miguuni mwa wapagazi, na miaka ya 1890 akafika upande wetu. Watu ambao hawakuwahi kumwona, wasiojua kumtoa kwa ncha ya mwiba au sindano, walioza vidole na kushindwa kwenda shamba msimu mzima.

Kisha Maji Maji, 1905 hadi 1907. Shuleni tulifundishwa maji ya Kinjeketile na risasi za Wajerumani, na kwa kweli risasi ziliua. Lakini wengi hawakufa kwa risasi. Walipoona vita havimaliziki, makamanda wa Kijerumani waligeukia chakula kwa makusudi. Vijiji vikachomwa, maghala yakatiwa moto, mashamba yakaharibiwa. Serikali yao ilikubali vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kusini kuna maeneo yaliyokuwa na vijiji mfululizo ambayo baada ya hapo tembo waliyachukua.

Miaka saba baadaye vikaja vita vya Wazungu, Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi, na kwa upande wa Waingereza pekee karibu laki moja hawakurudi, wengi kwa kuharisha, nimonia na njaa. Jina la Kariakoo, soko la Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps kwa Kiingereza. Huwa najiuliza ni wangapi kati yetu tunaokwenda pale kununua vitenge tunalijua hilo.

Ugogo, kwetu, majeshi yalipita mara mbili. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Waingereza walipofika mwaka 1916 wakachukua kilichobaki. Mvua ikakatika. Njaa iliyofuata inaitwa Mtunya, na inakadiriwa kuwa iliua watu 30,000 katika 150,000: mmoja katika kila watano. Bibi mzaa baba alizaliwa wakati huo au mara tu baada yake, hakuwa na hakika. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba alikuwa na dada mkubwa ambaye mama yao alimpeleka kwa watu waliokuwa na chakula, akapewa mtama kwa makubaliano kwamba njaa ikiisha atakwenda kumchukua. Njaa iliisha. Alipokwenda, watu wale walikuwa wamehama, na mpaka bibi anafariki hakuna aliyejua yule binti aliishia wapi. Bibi alikuwa akimhesabu kila alipotaja ndugu zake. Mafua ya 1918 na 1919 yakamalizia: kati ya watu 50,000 na 80,000 katika Tanganyika nzima, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi.

Kabla ya vita Wajerumani walikadiria watu milioni 4 na ushee. Waingereza walipohesabu 1921, namba ilikuwa pale pale. Hesabu zote mbili zina mashaka, lakini hazipingani katika jambo moja: hapakuwa na ongezeko.

Na pigo halikuishia siku watu walipoacha kufa. Sehemu hii ndiyo ninayoiona ya maana kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Uchache unazaa uchache. Watu wanapokuwa wengi wanafyeka, wanachoma, wanachunga, na mbung'o anakosa kivuli. Watu na ng'ombe wakipungua, kichaka kinarudi. Wanyamapori nao walikufa kwa sotoka, lakini waliongezeka upya haraka kuliko ng'ombe, na mbung'o akarudi pamoja nao akaleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Sasa hata aliyetaka kurudi kwenye shamba la babu yake hakuweza. Kwenye fukwe za Ziwa Victoria upande wa Uganda, malale iliua watu zaidi ya laki mbili mwanzoni mwa karne ya 20. Kwetu iligunduliwa Maswa mwaka 1922, na serikali ikaanza kuwahamisha watu na kuwakusanya pamoja ili waweze kukidhibiti kichaka. Shinyanga, maelfu ya Wasukuma walifyeka pori kwa mikono chini ya mpango wa C.F.M. Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o. Liwale, miaka ya 1940, watu walihamishwa kwa sababu ya malale na ardhi yao ikaongezwa kwenye Pori la Akiba la Selous.

Helge Kjekshus, mtafiti kutoka Norway aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, alishikilia kwamba kabla ya 1890 watu wa nchi hii walikuwa wameyamudu mazingira yao, na kwamba ukoloni ulivunja mamlaka hayo. Wengine wamemjibu kuwa aliipamba karne ya 19, wakitaja biashara ya watumwa, vita vya Wangoni na kipindupindu kilichopanda kutoka pwani. Nadhani wanaomjibu wana haki kwa kiasi fulani. Mapigo yalikuwepo kabla. Lakini mtalii anayeambiwa kuwa Selous ni pori ambalo halijawahi kuguswa na binadamu anadanganywa, na hilo Kjekshus alilisema sawasawa.

Ndani ya nyumba nako kulikuwa na breki zake, na hizi zilikuwa za watu wenyewe. Pwani na sehemu nyingi za bara, mama anayenyonyesha hakutakiwa kukutana na mume wake mpaka mtoto asimame imara, kwa hofu ya kumbemenda mtoto. Mtoto akidhoofika, akikonda miguu na kuvimba tumbo, wanawake wa mtaa walitazamana, na baba akajulikana kuwa hakuvumilia. Madaktari walilicheka jambo hili kama ushirikina. Sikubaliani nao. Mama akishika mimba mapema, mtoto aliyepo huachishwa ziwa kabla ya wakati, na mahali penye uji mwembamba tu hiyo ni njia ya moja kwa moja kwenda kwenye utapiamlo. Tena kunyonyesha usiku na mchana kwenyewe huchelewesha mimba. Kwa desturi hiyo watoto walipishana miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Mwanamke alizaa maisha yake yote, lakini kwa nafasi.

Kulikuwa pia na breki ambazo hakuna aliyezichagua. Buhaya, kwa miaka mingi ya ukoloni, vizazi vilikuwa vichache kwa sababu kisonono na kaswende viliwaacha wanawake wengi bila uwezo wa kushika mimba, na wakalaumiwa wao, wakaachwa wao. Penisilini ilipofika baada ya Vita vya Pili hali ikaanza kubadilika.

Hesabu ya 1948 ilikuta Tanganyika ina watu kama milioni 7 na nusu. Kutoka hapo mstari unapanda na haujashuka tena. Nini kiliachia? Watu wanataja hospitali kubwa, mimi nataja lori. Mwaka 1919 nafaka kwenda kijiji cha ndani Ugogo ilihitaji kichwa cha mpagazi, na mpagazi naye anakula njiani. Ukame wa 1974 ulikuwa mbaya, lakini meli zilileta mahindi Dar es Salaam, reli na malori vikayapeleka bara, tukala unga wa njano, yanga, ambao wazee waliuchukia kwa ladha yake. Waliuchukia wakiwa hai. Katika miaka ya 1950 dawa ya kuua mbu ilipulizwa ndani ya nyumba za Upare na Taveta, na vifo vya watoto vikashuka kwa namna iliyowashangaza hata waliokuja kupuliza. Ndui ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida Merca, Somalia, mwaka 1977. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Ninayo kadi yangu ya kliniki. Mama aliitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo. Imechorwa rangi tatu, kijani juu, kijivu katikati, nyekundu chini, na nukta za kalamu zinaonyesha uzito wangu kila mwezi. Kuna miezi nukta zinateremka hadi kijivu, na pembeni muuguzi ameandika: surua. Halafu zinapanda taratibu. Kaka yangu aliyenitangulia aliugua surua kabla chanjo haijafika kwetu, na yeye hana kadi. Iringa, kuanzia 1983, vijiji 168 vilifanya jambo ambalo naliheshimu kuliko mikutano mingi ya kimataifa: watoto walipimwa uzito hadharani, na kila aliyefariki, wanakijiji walikaa wakaulizana amekufa kwa nini na nani angeweza kufanya nini.

Mapigo hayajaisha, na ningekuwa mwongo kusema hivyo. UKIMWI uligunduliwa Kagera mwaka 1983, ukaacha nyumba zilizolelewa na bibi au na mtoto wa kwanza. Lakini kati ya sensa ya 1988 na ya 2002 watu waliongezeka kwa karibu asilimia 2.9 kwa mwaka. Pigo ambalo karne iliyotangulia lingefuta kizazi, safari hii liliua, likatuumiza, na hesabu ikaendelea kupanda. Sababu ni kwamba chini yake watoto wachanga walikuwa wanapona surua, kuharisha na pepopunda.

Ndiyo maana maneno ya "tunazaliana mno" yananiudhi. Wanawake wa Ugogo hawajaanza kuzaa zaidi kuliko bibi zao. Bibi yangu alizaa kumi na mmoja, akabaki na watano. Mama alizaa saba, wakabaki sita. Dada yangu ana watatu, wote wapo, na amesema basi. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 unaonyesha kuwa vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 katika kila 1,000, ilhali mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa zaidi ya 140. Katika kipindi hicho hicho wastani wa watoto kwa mwanamke umetoka zaidi ya sita hadi 4.8, na mijini uko chini ya wanne. Vifo vilitangulia kushuka, uzazi ukafuata kwa kuchelewa. Pengo kati ya mistari hiyo miwili ndilo lililotufikisha milioni 61. Mzazi haachi kuzaa kwa kuhubiriwa; anaacha akishaona kwa macho, kwa miaka, kwamba alionao hawaondoki, na binti aliyesoma anayaona hayo mapema kuliko mama yake.

Kwa hiyo kitakachopunguza kasi safari hii hakifanani na chochote kilichoipunguza kabla, na hakitakuja haraka. Kati ya 2012 na 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, mwendo wa kuwa mara mbili katika miaka 22 hivi. Hata kila mwanamke akianza leo kuzaa wawili tu, idadi itaendelea kupanda kwa miongo, kwa sababu mabinti watakaokuwa mama mwaka 2040 wameshazaliwa na wengi wao sasa wako shule ya msingi. Ukitaka kujua Tanzania ya mwaka 2070 itakuwa na watu wangapi, angalia ni wangapi kati yao wanavuka kwenda sekondari, na zahanati iliyo karibu nao ina njia za uzazi wa mpango au ina rafu tupu.